Fahamu Namna Mafanikio ya Tiba ya Kidole Tumbo kwa Watoto Yanavyopimwa

Na Mwandishi Wetu

Ugonjwa wa kidole tumbo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha watoto katika chumba cha upasuaji wa dharura duniani kote. Kwa zaidi ya karne moja tiba yake imekuwa ni kukata na kuondoa kifuko hicho kidogo kilichoungana na mwanzo wa utumbo mpana. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, madaktari katika nchi kadhaa wamejaribu kuwatibu baadhi ya watoto kwa dawa za antibayotiki pekee, bila upasuaji, na matokeo ya tafiti hizo yamekuwa yakitangazwa kwa namna inayoweza kumchanganya mwananchi wa kawaida. Tangazo moja husema tiba ya dawa imefanikiwa, lingine husema imeshindwa, ilhali takwimu zilizomo ndani ya matangazo hayo mawili zinakaribia kufanana.

Tofauti hiyo haitokani na udanganyifu wala makosa ya hesabu. Chanzo chake ni kwamba neno "mafanikio" halikuwa na maana moja kwa watafiti wote. Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyopima mafanikio ya tiba ya kidole tumbo kwa watoto, kwa nini kipimo kinachochaguliwa hubadili jibu, na mambo ambayo mzazi au mlezi anapaswa kuyafahamu kabla ya kupokea habari za tiba mpya.

Kipimo cha kwanza: Uhai

Upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo unaofahamika katika kumbukumbu za tiba ulifanywa mwaka 1735 na daktari Claudius Amyand katika Hospitali ya St George's, London. Mgonjwa wake alikuwa mvulana wa miaka 11, naye alipona. Katika zama hizo, ambapo hapakuwa na dawa ya usingizi wala ufahamu wa vijidudu, kipimo cha mafanikio kilikuwa kimoja tu: mgonjwa kubaki hai.

Kipimo hicho bado ni cha kwanza kwa uzito hadi leo. Kidole tumbo kilichovimba kisipotibiwa kinaweza kutoboka, usaha ukasambaa tumboni na maambukizi yakaingia katika damu. Lakini katika hospitali zenye wataalamu, dawa na vifaa vya kutosha, vifo vya watoto kutokana na ugonjwa huu vimekuwa nadra sana, kiasi kwamba kuhesabu vifo pekee hakuwezi tena kuonesha tiba ipi ni bora kuliko nyingine. Kama watoto wote wanapona, iwe kwa kisu au kwa dawa, ni lazima kutafuta kitu kingine cha kulinganisha. Hapo ndipo maswali yanapoanza.

Utafiti mmoja, majibu manne

Mfano mzuri unatoka Stockholm nchini Sweden. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa awali uliowahusisha watoto 50 wenye ugonjwa wa kidole tumbo ambao haujaleta madhara, yaani kidole tumbo kimevimba lakini hakijatoboka wala kufanya jipu. Watoto hao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji, na lingine, lenye watoto 24, lilipewa antibayotiki bila upasuaji.

Kati ya watoto 24 waliopewa dawa, 22 walipata nafuu bila kuhitaji upasuaji katika kipindi cha tiba ya mwanzo. Anayepima mafanikio kwa kigezo hicho atasema tiba imefanikiwa kwa asilimia 92.

Ulipopita mwaka mmoja, watoto wengine saba walikuwa wameondolewa kidole tumbo, hivyo waliobaki bila kupasuliwa walikuwa 15. Anayepima kwa kigezo cha mwaka mzima atasema mafanikio ni takribani asilimia 62.

Hata hivyo, kati ya hao saba ni mtoto mmoja tu ambaye ugonjwa wake ulithibitika kurudi. Watano walipasuliwa kwa sababu ya maumivu ya tumbo yaliyojirudia, na mmoja kwa sababu wazazi wake walitaka hivyo. Uchunguzi wa maabara haukukuta dalili za ugonjwa katika vidole tumbo vya watoto hao sita. Anayepima kwa kigezo cha ugonjwa kurudi atasema kuwa kati ya watoto 22 waliopata nafuu, ni mmoja tu aliyeugua tena ndani ya mwaka huo.

Watoto hao walifuatiliwa hadi miaka mitano. Kufikia wakati huo, 11 kati ya 24 walikuwa wamepasuliwa, sawa na asilimia 46. Mafanikio yakawa yameshuka hadi asilimia 54.

Majibu yote manne ni ya kweli, yanawahusu watoto walewale, na hakuna hata moja lililokosewa kuhesabiwa. Kilichobadilika ni muda wa kufuatilia na tafsiri ya neno kushindwa. Kwa sababu hiyo, asilimia yoyote ya mafanikio inayotangazwa bila kueleza muda na tafsiri hiyo haimsaidii mzazi kufanya uamuzi.

Tafiti mbili kubwa, hitimisho tofauti

Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za watoto nchini humo. Ulihusisha watoto 1,068 wenye umri wa miaka 7 hadi 17. Katika utafiti huo familia zilielezwa njia zote mbili na kuchagua zenyewe. Watoto 370 walitibiwa kwa dawa na waliosalia walipasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 67.1 ya waliotibiwa kwa dawa walikuwa hawajahitaji upasuaji.

Watafiti hao walikuwa wamechagua pia kipimo cha pili: idadi ya siku ambazo mtoto alishindwa kushiriki shughuli zake zote za kawaida kutokana na matibabu. Kwa kipimo hicho, waliotibiwa kwa dawa walipoteza wastani wa siku 6.6 katika mwaka mzima, na waliopasuliwa walipoteza siku 10.9. Utafiti huo ukapokelewa na wengi kama ushahidi kwamba tiba ya dawa ina nafasi yake, na kwamba familia zinaweza kupewa fursa ya kuchagua.

Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mwingine mkubwa, safari hii watoto wakigawanywa kwa bahati nasibu. Uliwahusisha watoto 936 wenye umri wa miaka 5 hadi 16 katika hospitali 11 zilizopo Kanada, Marekani, Finland, Sweden na Singapore. Miongoni mwa watoto ambao matokeo yao ya mwaka mmoja yalipatikana, tiba ilihesabiwa kushindwa kwa watoto 153 kati ya 452 waliopewa dawa, sawa na asilimia 34. Kwa waliopasuliwa, ilihesabiwa kushindwa kwa watoto 28 kati ya 394, sawa na asilimia 7. Hakuna mtoto aliyefariki katika kundi lolote.

Kabla ya kuanza, watafiti walikuwa wameweka masharti kwamba tiba ya dawa ingekubalika kuwa si duni iwapo tofauti ya kushindwa kati ya makundi hayo mawili haingezidi pointi 20 za asilimia. Tofauti iliyopatikana ilikuwa takribani pointi 27. Hitimisho likawa kwamba dawa pekee ni tiba duni kuliko upasuaji.

Msomaji makini ataona jambo la kushangaza. Katika utafiti wa kwanza, takribani theluthi mbili ya watoto walikaa mwaka mzima bila upasuaji. Katika utafiti wa pili, hali ilikuwa hivyo hivyo. Miili ya watoto iliitikia dawa kwa kiwango kinachokaribia kufanana; kipimo ndicho kilichotofautiana. Mmoja uliuliza pia ni siku ngapi mtoto amepoteza, na mwingine uliuliza ni mara ngapi tiba ya kwanza haikutosha.

Nini huhesabiwa kuwa ni kushindwa?

Katika utafiti wa mwaka 2025, kushindwa kwa tiba ya dawa kulimaanisha mtoto kuondolewa kidole tumbo ndani ya mwaka mmoja. Kwa upande wa upasuaji, kushindwa kulijumuisha mtoto kurudishwa chumba cha upasuaji kwa madhara yaliyohitaji dawa ya usingizi, na pia mtoto kupasuliwa kisha kidole tumbo kikakutwa hakina ugonjwa baada ya kuchunguzwa maabara. Sehemu kubwa ya walioshindwa katika kundi la upasuaji walikuwa wa aina hii ya mwisho.

Tafsiri hizo zina mantiki, lakini zinaweka kwenye mzani mmoja matukio yasiyo na uzito sawa. Mtoto aliyetumia dawa, akakaa miezi minane akicheza na kusoma, kisha akapasuliwa bila matatizo, anahesabiwa kuwa ameshindwa. Mtoto aliyepasuliwa, akapona, lakini akauguza maumivu ya kidonda kwa wiki mbili, anahesabiwa kuwa amefanikiwa. Kwa daktari mpasuaji, hesabu hiyo inaeleweka, kwa kuwa upasuaji humaliza tatizo mara moja. Kwa mzazi anayeogopa mwanawe kupewa dawa ya usingizi, kuepuka kisu kwa theluthi mbili ya watoto kunaweza kuonekana ni faida kubwa. Kwa mzazi mwingine ambaye hawezi kulala akiwaza kuwa ugonjwa unaweza kurudi usiku wa manane, theluthi moja ya kurudi hospitalini ni hatari asiyoweza kuikubali.

Hakuna hesabu inayoweza kuamua peke yake ni mzazi yupi yuko sahihi. Takwimu huonesha uwezekano wa kila tukio, na uzito wa tukio hilo hupimwa na familia yenyewe ikishauriana na daktari wake.

Orodha ya pamoja ya matokeo

Kutokana na mkanganyiko huo, wataalamu waliona umuhimu wa kukubaliana kuhusu mambo ya msingi ambayo kila utafiti wa kidole tumbo kwa watoto unapaswa kuyapima na kuyatangaza, hata kama watafiti wataongeza mengine. Utaratibu huu wa kuwa na orodha ya msingi ya matokeo unatumika sasa katika magonjwa mengi, na tangu mwaka 2010 umekuwa ukihamasishwa na mpango wa kimataifa wa COMET ulioanzia Liverpool nchini Uingereza.

Orodha ya aina hiyo haiandaliwi na madaktari peke yao. Njia inayotumika zaidi huitwa Delfi. Washiriki, wakiwemo madaktari, wazazi na vijana waliowahi kuugua, hupewa orodha ndefu ya matokeo yanayowezekana na kila mmoja hutoa alama kulingana na umuhimu anaouona. Kisha huoneshwa jinsi makundi mengine yalivyotoa alama, na kupewa nafasi ya kufikiri upya. Baada ya mizunguko kadhaa, hukutana ili kuafikiana yapi yabaki.

Kwa ugonjwa wa kidole tumbo usio na madhara kwa watoto na vijana, orodha iliyoandaliwa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 ina matokeo 14. Miongoni mwake yamo yale ambayo madaktari wamekuwa wakiyapima siku zote: kifo, jipu ndani ya tumbo, kuziba kwa utumbo, kidonda kupata maambukizi, kupasuliwa tena, kulazwa tena, ugonjwa kurudi, antibayotiki kushindwa kufanya kazi, kuondolewa kidole tumbo kisicho na ugonjwa, na muda wa kukaa hospitalini.

Yamo pia mambo ambayo hayaonekani kwenye faili la mgonjwa: muda ambao mtoto alikaa bila kushiriki shughuli zake kikamilifu, msongo wa mawazo alioupata, na ubora wa maisha yake. Kuwemo kwa mambo hayo ndani ya orodha ya msingi kunayapa nafasi sawa na vipimo vya hospitalini, na kuwalazimu watafiti kumuuliza mtoto na mzazi badala ya kusoma faili pekee.

Hali ilivyo Afrika Mashariki

Swali la kisu au dawa linawahusu watoto waliofika hospitalini mapema, wakapimwa na kuthibitika kwamba kidole tumbo hakijatoboka. Katika ukanda wa Afrika Mashariki, watoto wengi hufika kwa kuchelewa. Baadhi hutibiwa kwanza nyumbani kwa dawa za minyoo au za kutuliza maumivu, na wengine hutoka maeneo yaliyo mbali na kituo chenye uwezo wa kupasua. Watoto wadogo wako katika hatari zaidi, kwa sababu hawawezi kueleza vizuri maumivu yao na dalili zao hufanana na za magonjwa mengine ya tumbo.

Kwa mtoto ambaye kidole tumbo kimeshatoboka, mizani ya mafanikio ni tofauti. Kinachopimwa kwanza ni iwapo amebaki hai, iwapo maambukizi yamedhibitiwa, iwapo amepata jipu tumboni, na iwapo amelazimika kupasuliwa tena. Kuhesabu siku za kurudi shuleni huja baadaye.

Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2015, ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati huduma salama za upasuaji kwa wakati na kwa gharama wanazozimudu. Tume hiyo ilipendekeza vigezo sita vya kupima mifumo ya nchi. Miongoni mwake ni idadi ya wananchi wanaoweza kufika ndani ya saa mbili katika kituo chenye uwezo wa upasuaji wa dharura, vifo vinavyotokea baada ya upasuaji kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitalini, na kinga ya familia dhidi ya gharama zinazoweza kuifilisi. Tanzania ni miongoni mwa nchi za awali barani Afrika kuandaa mpango wa kitaifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi, uliopangwa kwa kipindi cha mwaka 2018 hadi 2025.

Vigezo hivyo vinabeba ujumbe muhimu: mafanikio ya tiba ya kidole tumbo huanza kupimwa kabla mtoto hajafika hospitalini. Umbali, usafiri, gharama na uamuzi wa mzazi wa kutosubiri ni sehemu ya matokeo. Hospitali inaweza kuwa na rekodi nzuri kwa kila mtoto anayefika mapema, na bado jamii inayoizunguka ikapoteza watoto ambao hawakufika kabisa na ambao hawamo kwenye hesabu yoyote.

Tahadhari kwa wazazi na walezi

Matokeo ya tafiti zilizotajwa hayapaswi kuchukuliwa kuwa ni ruhusa ya kununua antibayotiki katika duka la dawa na kumtibu mtoto nyumbani. Watoto waliohusika walithibitishwa kwa uchunguzi wa daktari na vipimo, ikiwemo picha ya ultrasaundi au CT-Scan. Walilazwa, wakaanzishiwa dawa kupitia mshipa, na chumba cha upasuaji kilikuwepo jirani iwapo hali ingebadilika. Mazingira hayo yakikosekana, asilimia zilizopatikana haziwezi kutarajiwa. Aidha, matumizi holela ya antibayotiki huchangia usugu wa vijidudu, jambo linaloweza kuifanya dawa ishindwe siku mtoto atakapoihitaji kweli.

Dalili zinazopaswa kumfanya mzazi ampeleke mtoto hospitalini bila kuchelewa ni maumivu ya tumbo yanayoanzia karibu na kitovu kisha kuhamia upande wa kulia chini, maumivu yanayoongezeka mtoto anapotembea, kuruka au kukohoa, kukosa hamu ya kula, kutapika na homa. Maumivu makali yakipungua ghafla, kisha tumbo likawa gumu na mtoto akazidi kudhoofika, hiyo si nafuu. Inaweza kuwa ishara kwamba kidole tumbo kimetoboka.

Pale ambapo daktari anaeleza kuwa kuna njia zaidi ya moja ya kumtibu mtoto, mzazi ana haki ya kuuliza maswali yatakayomsaidia kuelewa asilimia anazotajiwa. Je, mafanikio yanayotajwa ni ya wiki moja, mwaka mmoja au miaka mitano? Tiba ikihesabiwa kushindwa, ni nini hasa kitakuwa kimemtokea mtoto? Je, kuna uwezekano wa jipu au wa kulazwa tena? Mtoto atakosa masomo kwa siku ngapi? Na kama ugonjwa utarudi, familia inaishi umbali gani kutoka hospitali inayoweza kumpasua usiku huohuo?

Swali hilo la mwisho halikuulizwa katika tafiti za Marekani na Ulaya kwa uzito unaostahili kwa mkazi wa kijijini. Kwa familia iliyo dakika kumi kutoka hospitali, theluthi moja ya uwezekano wa kurudi ni usumbufu. Kwa familia iliyo umbali wa saa sita kwa barabara ya vumbi, uwezekano huohuo ni hatari kwa uhai wa mtoto, na upasuaji wa mara moja unaweza kuwa uamuzi ulio salama zaidi.